Sura ya 5: Bahari Ndani ya Vioo Vitano

Taru iko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ndani ya Kaunti ya Kwale, ukishapita Samburu na kabla hujafika Mackinnon Road. Ni nchi ya Waduruma, ya vichaka vya miiba, mbuzi na ng'ombe, na mvua inayokuja ikipenda. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilikiogopa sana kipande hiki kwa sababu ya kiu. Tegemeo lao lilikuwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye mashimo ya miamba ya Taru, na msafara uliokuta mashimo makavu ulikuwa taabani. Ukirudi nyuma kuelekea Mombasa, kabla ya Mariakani, unapita mahali panapoitwa Maji ya Chumvi. Katika matabaka ya mawe yanayobeba jina hilo, wanajiolojia wamekuta mabaki ya samaki walioishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Nimeichagua Taru kwa makusudi kuwa mahali pa kujengea tangi la matumbawe katika sura hii. Anayefuga matumbawe Diani au Msambweni ana bahari mlangoni. Maji yakiharibika, huteka mengine kwa ndoo mambo yakaendelea. Taru haina ndoo hiyo. Jua ni kali, hewa ni kavu, vumbi halina msimu, na stima hukatika. Tangi dogo likiweza kuishi miaka mitatu Taru, mwenye nalo anakuwa ameielewa bahari kuliko wengi wanaoiona kila asubuhi.

Bahari ina kazi ambazo huzifanya bila kuombwa. Husukuma maji juu ya mwamba mchana na usiku. Huchukua uchafu na kuutawanya. Hushikilia joto lisipande wala kushuka ghafla, hupitisha mwanga, na huwaletea matumbawe madini ya kujengea mifupa. Ndani ya sanduku la kioo, kila moja ya kazi hizo inahitaji mfanyakazi, awe mashine, kiumbe au mkono wako. Kujenga tangi ni kuwaweka wafanyakazi wa kwanza, na kuliboresha ni kutambua nani kati yao amelemewa, kisha kumpa msaidizi. Ukilishika hilo, hutanunua kifaa kwa sababu tu kinang'aa dukani.

Walioanza kabla yetu

Mwaka 1846 mama mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay akaenda nayo nyumbani kwake London, mbali na bahari. Pampu hakuwa nayo, na umeme wa nyumbani ulikuwa bado haujaja. Mtumishi wake wa ndani ndiye aliyeyamimina maji ya bahari huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, kwa nusu saa au zaidi, ili maji yavute hewa. Baadaye Thynne aliongeza mwani, na matumbawe yake yakaishi na kuongezeka. Miaka saba baada ya hapo, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa ajili ya umma.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki la Marekani jinsi alivyokuwa akifuga samaki na matumbawe ya bahari ya joto. Alitumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakihangaika na vichujio vya kila namna, naye aliwaonyesha kwamba mwamba wenyewe ni kichujio. Mafundi wa Berlin waliiendeleza njia hiyo kwa kuongeza mashine za kutoa povu na taa kali. Karibu kila tangi la matumbawe la leo ni mtoto wa fikra hizo.

Thynne anatufundisha kwamba maji lazima yatembee. Lee anatufundisha kwamba uhai mwingi wa mwamba ni ule usioonekana. Tangi la Taru litasimama juu ya mafunzo hayo.

Vioo, gundi na meza

Kwa anayeanza, napendekeza tangi la sentimita 60 kwa 40, kimo sentimita 40. Ujazo wake ni lita 96. Mawe na mchanga vikiingia, maji yanabaki kama lita 80. Tangi dogo kuliko hilo huonekana rahisi, lakini maji yake hubadilika upesi mno: joto hupanda kwa saa chache, na samaki mmoja akifa bila wewe kujua, anatosha kuyachafua yote. Kubwa zaidi ni zuri, ila kila lita ya ziada ni ya kubebwa kutoka baharini.

Mwambie fundi wa vioo akukatie vipande vitano vya milimita 8, naye apige msasa kingo zote. Gundi ni silikoni ile inayonuka siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo huua ukungu wa bafuni, na itaua viumbe vya mwamba vilevile. Futa kingo kwa spiriti, gundisha kioo cha nyuma, vya pembeni na cha mbele juu ya kioo cha chini, vishikilie kwa utepe wa karatasi, kisha pitisha mstari wa pili wa silikoni kwenye pembe za ndani. Acha wiki nzima. Halafu lijaze maji matamu ukiwa nje ya nyumba, ulikague kwa siku mbili mfululizo. Tone moja linalopita kwenye pembe leo litakuwa dimbwi la chumvi sebuleni kesho.

Tangi hili likijaa litapita kilo 120 kwa urahisi. Meza ya kulia chakula haifai. Fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya chuma cha mraba, aipake rangi ya kuzuia kutu vizuri, na juu yake uweke ubao mzito ulionyooka. Weka kipande chembamba cha sponji kati ya ubao na kioo ili kasoro ndogo za ubao zisikisukume kioo sehemu moja. Mahali pake ni mbali na dirisha la magharibi; jua la saa kumi la Taru litalichemsha tangi na kulijaza mwani kwa wakati mmoja.

Maji na chumvi yake

Maji ya bahari yetu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Visima virefu vya ukanda huu wa mawe ya Duruma navyo mara nyingi ni vya chumvi, na mtu anaweza kufikiri amepata njia ya mkato. Asijaribu. Chumvi ya kisima haina uwiano wa bahari, na matumbawe hayaishi kwa uwiano mwingine.

Yako maji ya kuchanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu ya matangi, nayo ni ghali. Njia ya kawaida kwa mtu wa Kwale ni kuyafuata maji pwani. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa sababu wakati huo maji safi ya nje ya mwamba yameingia ndani. Kaa mbali na midomo ya mito: Mwachema kule Diani, Mkurumudzi upande wa Gazi, na Ramisi kusini zaidi. Wakati wa masika usiteke kabisa, kwani mito huleta tope na mbolea za mashambani, na chumvi hupungua. Tumia mitungi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mafuta wala dawa. Ukifika nyumbani, chuja kwa kitambaa safi cheupe, funika, na uyaweke gizani siku kadhaa kabla ya kuyatumia.

Ndani ya nyumba, maji yanapopungua, kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Katika tangi letu kila milimita 4 zinazoshuka ni karibu lita 1. Zikipotea lita 4 kati ya 80 bila kujazwa, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu gramu 37, na wadudu wadogo wa mwamba huanza kuumia. Kwa hiyo maji yaliyopungua hujazwa kwa maji matamu, kamwe si kwa maji ya bahari. Yatafute kwenye maduka yanayouza maji yaliyosafishwa kwa mashine ya utando, ambayo siku hizi yako karibu kila mji wa barabarani. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yanabeba zinki, na maji yaliyopita kwenye mabomba ya shaba yanabeba shaba. Shaba kidogo tu huua kamba, kaa na konokono.

Weka alama ya kalamu kwenye kioo, na kila asubuhi jaza mpaka kwenye alama. Kipimo cha chumvi kisome 1.025 au 1.026.

Mwamba usioibwa

Lee Chin Eng alichukua mawe yake baharini. Sisi hatuna ruhusa hiyo, na hata tungekuwa nayo, mwamba wa Diani umechoka. Lakini Kwale ina utajiri mwingine. Ukanda wote wa pwani, kutoka Waa na Tiwi kuendelea kusini, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kale, uliojengeka yapata miaka 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ndio mawe yanayochongwa machimboni kujengea nyumba. Ndani yake bado unaona nyota za matumbawe na makombe yaliyoganda.

Omba vipande vilivyovunjika, vyenye matundu mengi, ambavyo mchongaji hawezi kuvitumia. Kilo 10 hadi 12 zinatosha. Visugue udongo wote kwa brashi, viloweke kwenye maji matamu, ubadilishe maji kila siku chache mpaka yawe maangavu. Kisha vipange ndani ya tangi moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kabla ya mchanga, ili kiumbe chochote kinachochimba kisiuangushe ukuta wako. Acha mapango na njia. Maji yapite nyuma na chini ya mawe. Mwamba uliobanwa kwenye kioo cha nyuma huwa na pembe zilizokufa ambako uchafu hukaa na kuoza.

Mawe haya ni makavu na hayana uhai. Kinachohitajika ni mbegu: kipande kimoja cha jiwe kutoka kwa mfugaji mwenye tangi la siku nyingi. Kikibebwa kikiwa kimelowa kutoka Mombasa au Ukunda, kitafika Taru na bakteria, minyoo midogo na vijidudu vya kila aina. Vitajitandaza wenyewe kwenye mawe mengine.

Majuma ambayo hakuna kinachoonekana

Kinachofuata ni kipindi kinachowashinda wengi. Maji yapo, mawe yapo, pampu inasukuma, na tangi ni tupu. Tia kipande cha kamba mbichi ukubwa wa kidole gumba, ukiache kioze.

Kioza hicho hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kundi moja la bakteria huila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Ndani kabisa ya mawe, mahali ambapo oksijeni haifiki, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hutoka na mapovu. Hii ndiyo kazi ya kusafisha. Ukipima kila siku mbili, utaiona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikifuata njia hiyohiyo. Kwa kawaida huchukua majuma 4 hadi 6. Siku amonia na nitriti zote zitakaposoma sufuri, kichujio chako kimezaliwa.

Macho nayo yatapata ya kutazama. Kwanza vumbi la kahawia hufunika mchanga, kisha nyuzi za kijani huota juu ya mawe, na wanaoanza hukata tamaa hapo. Usimimine dawa. Mwani huo unakula kilichozidi. Tia konokono wachache wanaokula mwani, ubadilishe lita 8 za maji kila juma, na baada ya miezi kadhaa vidoa vya waridi na zambarau vitajitokeza mawe yakiwa safi zaidi. Vidoa hivyo ni mwani wa chokaa, ndio unaogundisha vipande vya mwamba wa kweli baharini. Ukiuona, ujue maji yako yana madini ya kutosha.

Joto, feni na stima

Bahari ya kusini mwa Kenya huwa na nyuzi 25 hivi za Selsiasi wakati wa kusi, na hufika kama 29 mwishoni mwa kaskazi. Nyumba ya mabati ya Taru hupita hapo kabla ya adhuhuri. Wauzaji watakuonyesha mashine ya kupoza yenye bei ya ng'ombe. Kabla ya kuiendea, jaribu feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji.

Hapa ukavu wa Taru unageuka faida. Lita 1 ya maji ikiwa mvuke huondoka na joto la kutosha kushusha lita 80 kwa nyuzi 7, kama hakuna joto jipya linaloingia. Diani hewa imejaa unyevu, maji hayageuki mvuke kwa urahisi, na feni huchoka. Taru hewa inakunywa maji. Feni inaweza kuliweka tangi chini ya nyuzi 28 mchana wa Februari, kwa sharti kwamba unajaza maji matamu kila asubuhi bila kukosa. Kazi ya kupoza imepata mfanyakazi, na kazi ya kujaza maji imeongezeka.

Stima ikikatika, hatari ya kwanza ni hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na viumbe vyote vya mwamba vinavuta humo humo. Nyumba nyingi za Taru tayari zina paneli ndogo ya sola na betri. Nunua pampu ya hewa ya volti 12 uiunge huko. Hii ningeiweka mbele ya taa za bei na mbele ya samaki wa aina yoyote.

Tangi la chini

Baada ya miezi sita hivi, mambo yakitulia, ndipo uboreshaji mkubwa wa kwanza unapoeleweka: tangi la pili, dogo, chini ya meza. Maji hushuka kupitia bomba kutoka tangi la juu, hupita la chini, na pampu huyarudisha. Ujazo wote unaongezeka, vifaa vinafichika, na kina cha tangi la juu hakibadiliki tena, kwa kuwa upungufu wote unaonekana chini.

Kabla ya kuliwasha, fanya hesabu hii. Pampu ikisimama, maji ya juu yataendelea kushuka mpaka yafike usawa wa mdomo wa bomba. Yakishuka sentimita 2 tu, hizo ni karibu lita 5. Tangi la chini lazima liwe na nafasi tupu ya lita hizo na ziada. Zima pampu mwenyewe, mara kadhaa, ukiwa umesimama hapo na ndoo. Usiruhusu stima ikufanyie jaribio hilo usiku wa manane.

Ndani ya tangi la chini weka wafanyakazi wawili. Wa kwanza ni kitoa povu, bomba linalochanganya maji na mapovu madogo sana ya hewa. Mafuta na protini hung'ang'ania mapovu, hupanda nayo, na kumwagika kwenye kikombe kama uji wa kahawia wenye harufu mbaya. Ni jambo lilelile linalotokea ufukweni kusi inapovuma, povu linapojikusanya kwenye mchanga.

Wa pili ni mwani. Akina mama wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, hulima mwani kwenye kamba baharini na kuuvuna kwa ajili ya soko. Tangini unauvuna kwa sababu nyingine: kila konzi unayoitoa imebeba nitrati na fosfati iliyokuwa ndani ya maji. Uwashie taa yake usiku, wakati taa ya juu imezimwa. Matumbawe na mwani wa juu hutoa kaboni dioksidi gizani na kuyafanya maji yaelekee uchachu. Mwani wa chini ulio kwenye mwanga huichukua, na maji hubaki na hali ileile mpaka asubuhi.

Chokaa

Kazi ya mwisho ya bahari ni ya madini, nayo ndiyo inayolitenga tangi la samaki na tangi la matumbawe. Tumbawe gumu hujenga mfupa wake kwa kalsiamu na kaboneti zilizoyeyuka majini. Baharini zipo tele. Kalsiamu ni kama miligramu 420 katika lita. Katika lita 80, matumbawe machache yanayokua vizuri huzimaliza.

Pwani hii imekuwa ikilijua tumbawe na chokaa yake kwa karne nyingi. Wajenzi wa zamani walipanga kuni na matumbawe kwa duara, wakachoma, kisha wakatia maji kwenye majivu yake meupe kupata chokaa ya kujengea. Msikiti wa Kongo, Diani, karibu na mahali Mwachema inapoingia baharini, ni wa mawe ya matumbawe na chokaa hiyo. Kikemia, chokaa hiyo ni hidroksidi ya kalsiamu, na dawa hiyohiyo ndiyo tunayowapa matumbawe tangini. Hapo safari inarudi nyuma: chokaa inayeyuka, inakutana na kaboni dioksidi ndani ya maji, na tumbawe linaijenga upya kuwa jiwe.

Usitumie ya dukani kwa mjenzi; ina uchafu mwingi. Tafuta iliyosafishwa kwa matumizi ya chakula. Koroga gramu 1.5 katika lita 1 ya maji matamu, acha itulie, na utumie maji maangavu ya juu tu. Maji hayo yanachoma, kwa hiyo vaa glavu na usiyamimine. Yadondoshe tone kwa tone usiku kucha kupitia mrija mwembamba, yawe ndiyo maji ya kujazia yaliyopungua. Feni ya Taru iliyokuwa ikikuletea mzigo wa kujaza maji sasa inakupa nafasi ya kulisha madini: kadiri maji mengi yanavyopotea, ndivyo chokaa zaidi inavyoweza kuingia.

Taa nayo ipate nguvu wakati huu, maana matumbawe mengi hula kwa msaada wa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yao. Saa 8 hadi 10 za taa ya LED yenye buluu na nyeupe kwa siku zinatosha. Anza na mwanga hafifu, uongeze kidogo kidogo kwa majuma.

Wapangaji wanatoka wapi

Kenya imekuwa ikiuza samaki wa mapambo wa baharini nje ya nchi kwa miongo mingi. Wavuvi huwanasa mmoja mmoja kwa vyavu vidogo kwenye miamba ya pwani. Ni kazi halali ya leseni, na anayenunua ana wajibu wa kuuliza. Samaki mdogo wa buluu mwenye mstari mweusi, anayesafisha wenzake wadudu mwilini, anatafutwa sana na wanunuzi, mwache baharini. Tangini hukosa chakula akafa, na huko mwambani samaki wengi hupanga foleni wakisubiri huduma yake. Kangaja wa buluu naye huogelea mbali kutwa nzima. Lita 80 kwake ni kifungo.

Chukua samaki wawili wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Wamekuwa wakizalishwa kwenye matangi tangu miaka ya 1970, kwa hiyo si lazima watoke mwambani. Wote huzaliwa madume, na mkubwa wa wawili hugeuka jike. Ukiwanunua wakiwa wadogo, utashuhudia mabadiliko hayo.

Matumbawe magumu yako kwenye Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na ndani ya hifadhi ya taifa kama Kisite, iliyotangazwa kwa mipaka ya sasa mwaka 1978, huruhusiwi kutoa chochote. Kwa tangi la nyumbani, chanzo sahihi ni vijiti vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokulia tangini. Kijiti cha sentimita 3 hugundishwa juu ya jiwe kwa supagluu, na kikipata mwanga, mkondo na chokaa, huota. Tahadhari moja ni ya uhai wako: matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati huenda yakawa na sumu kali sana. Yashike kwa glavu na miwani, na kamwe usichemshe jiwe lililo nayo.

Kazi hii ya vijiti inafanyika pia baharini, kusini mwa Kwale. Mkwiro, katika Kisiwa cha Wasini, wenyeji na taasisi ya REEFolution ya Uholanzi huning'iniza vipande vya matumbawe kwenye vitalu chini ya maji, kisha huvihamishia kwenye miamba ya kutengenezwa kwa saruji, vyuma na chupa. Wanapambana na mambo yaleyale ya mfugaji wa Taru: mwani unaofunika vijiti, konokono wanaovila, na joto.

Joto ndilo lililofanya kazi hiyo iwe ya lazima. Mwaka 1998 bahari ilipata moto, mwani ukatoka ndani ya matumbawe, yakawa meupe, na miamba mingi ya Kenya ikapoteza nusu ya matumbawe yake hai au zaidi. Nyuzi 1 juu ya joto la kawaida la msimu wa moto, ikidumu majuma kadhaa, inatosha. Anayelinda lita 80 kwa feni anaelewa nyuzi hiyo moja ina uzito gani, na anajua kwamba mwamba wa Msambweni hauna feni.

Ndiyo maana uboreshaji wa mwisho ninaoupendekeza hauhitaji pampu. Weka daftari karibu na tangi, uandike kila siku joto, chumvi na lita ulizojaza, kisha mfundishe mtu wa pili nyumbani kulisoma na kufanya kazi zote bila wewe. Matangi mengi hufa mwenye nayo akisafiri siku tano, na daftari liko kichwani mwake. Matumbawe yakishaota ukubwa wa kiganja, yakate vijiti, umpe mwalimu wa sayansi wa shule ya karibu pamoja na nakala ya daftari hilo. Wako watoto wa Kwale ambao bahari ya kaunti yao hawajawahi kuiona chini ya maji. Wakiifuga wenyewe Taru, watakuwa na sababu ya kuilinda Diani.